Msiba wa Watu Wasiotajwa Majina

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu huko Hombolo, Ugogo, bibi yangu alitangaza msiba wa watu asiowajua, na majirani wote wakashindwa kulima. Nasema hivyo moja kwa moja, maana kila nikianza kwa kuzungukazunguka watu hudhani natunga. Situngi. Njaa ya mwaka ule niliionja kwa tumbo langu mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Ghuba. Hiyo Ghuba yenyewe hatukujua iko wapi. Mjomba Yona, mdogo wake mama yangu, ndiye aliyetuambia kwamba ni kwa Waarabu, kwenye visima vya mafuta. Mama alikuwa anafanya kazi mjini, amepanga chumba Makole, na mimi aliniacha kijijini nisome. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa Bibi, Mjomba Yona, mkewe Mama Neema, watoto wao wadogo na mimi.

Zile zilikuwa enzi za ruksa. Kuuza ruksa, kununua ruksa, shida ni hela tu. Madukani, ambako zamani, kwa masimulizi ya wakubwa, kulikuwa na foleni za sabuni, sasa kulikuwa na sabuni za kunukia za kila rangi, mashati ya mitumba yamening'inizwa hadi mlangoni, na kanda za muziki. Karibu na gulio pakafunguliwa banda la video lenye jenereta, watu wanalipa kiingilio kuangalia Wachina wakirushiana mateke. Naye mjomba, zabibu zake zilipopata mnunuzi mzuri, akaja na redio kubwa ya kaseti mbili. Loo, tulivyoringa! Betri zikichoka tulizianika juani juu ya ungo, na mimi ndiye niliyekuwa nawafukuza kuku wasizidonoe.

Halafu bei zikaanza kupanda. Nakumbuka siku niliyokwenda na Bibi dukani kwa Bwana Rashidi kununua mafuta ya taa. Bwana Rashidi alikuwa mtu wa mjini, babu zake walikuja na misafara ya biashara wakaoa huku, na hakuwa na tabia ya kumwibia mtu.

"Shikamoo, Mama Yona."

"Marahaba. Bwana Rashidi, mbona juzi mafuta hayakuwa bei hii?"

"Ni vita, mama. Mafuta yanatoka huko huko wanakopigana. Hata mimi naumia."

"Vita vya wapi?"

"Uarabuni. Mbali sana, mama, usiwe na wasiwasi."

"Mbali, halafu bei inafika mpaka hapa?" Bibi aliguna, akanunua nusu ya alichokusudia.

Baada ya mafuta ikafuata nauli ya kwenda mjini, ikafuata sukari, kikafuata kiingilio cha video. Kila ukiuliza, jibu ni vita. Hata mama mmoja muuza karanga, karanga za shambani kwake mwenyewe, naye akasingizia vita. Tulimcheka, lakini bei hakuishusha.

Jioni wanaume wa jirani walikusanyika uani kwetu kusikiliza taarifa ya habari. Hapo awali walikuja kwa ajili ya mpira na muziki wa dansi, lakini vita vilipopamba moto hakuna aliyetaka tena muziki. Waligawana pande mbili kabisa, kama mechi. Huyu anashangilia hawa, yule anashangilia wale. Ndege ikianguka, upande mmoja unapiga makofi. Mji ukipigwa, upande wa pili unaruka. "Wameipata! Na bado!" Sisi watoto tulishangilia pia, bila kujua tunamshangilia nani. Kusema kweli ilikuwa raha sana.

Mvua mwaka ule ilichelewa. Sikukuu zikapita na vumbi lake, tukarudi shule, mbingu nyeupe tu.  Mama Neema alikuwa amemzika mtoto wake mmoja mwaka wa njaa uliotangulia, na kila asubuhi alitoka nje kutazama mawingu kabla hata ya kunawa uso. Hatimaye mvua ikaja, ikanyesha usiku kucha, na kulipokucha ardhi ilikuwa inanukia. Anayeijua ardhi ya Ugogo anajua maana yake: inakunywa upesi na kukauka upesi, na mbegu isipoingia siku hizo, umekwisha. Mchana kutwa tulinoa na kupachika majembe. Mbegu za uwele na mtama zilikuwa kwenye vibuyu vya Bibi, na Bibi ndiye mwenye kuzitoa.

Jioni ile ile redio ikasema kwamba mji umepigwa mabomu, wamekufa watu wengi, wakiwamo akina mama na watoto. Majina hayakutajwa. Jirani mmoja akapiga paja lake, akacheka, "Safi! Wataipata mwaka huu!" Wengine wakamwitikia, mjomba akiwa wa kwanza. Bibi alikuwa jikoni anasonga ugali. Akatoka na mwiko mkononi.

"Yona, hao waliokufa wanaitwa nani?"

"Hawakutajwa, mama."

"Redio yetu ikitangaza vifo inataja jina, inamtaja baba, inawataja ndugu walioko Kondoa na Mpwapwa, na mazishi ni wapi. Tunajua msiba una wenyewe. Hawa ni wa nani?"

"Si wa huko huko kwao?"

"Hao wa kwao labda wamekufa pamoja nao. Waliosikia ni sisi. Mmesikia, mmecheka, halafu kesho mwende shamba?" Akawatazama wote. "Hapa pana msiba. Kesho hakuna jembe."

Inabidi nieleze jambo hili kwa vijana wa leo. Kwetu, msiba ukiwa jirani, hakuna mtu anayeshika jembe, si wewe mfiwa tu, ni eneo zima. Wazee waliamini kwamba jembe likipiga ardhi kabla marehemu hajaliliwa, ardhi inaudhika na mvua inakatika. Na msiba ukishatangazwa na mtu mzima, umetangazwa. Bibi alikuwa Mkristo, Jumapili hakosi kanisani, lakini hilo la jembe hakuliona kuwa jambo la kubishana na mchungaji. Kwa hiyo kwa maneno yake machache, nyumba zote za kitongoji chetu zilifungwa mikono, na mvua ndiyo hiyo imeshanyesha.

Kesho yake majembe yalilala. Watu walisimama milangoni wakitazama mashamba yenye unyevu. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, jua likichoma. Mjomba akafikiri dawa ni kutoa betri kwenye redio, akazificha.

Bibi akamwambia, "Umemziba mdomo mleta habari tu. Habari yenyewe tunayo."

Wengine walisema Mama Yona amechanganyikiwa. Jirani mmoja alijaribu kwenda shamba alfajiri, mkewe akaning'inia kwenye mpini wa jembe huku anapiga kelele, ukisikia ungedhani wameingiliwa na fisi. Tulicheka, lakini ni kicheko cha watu wenye hofu. Hatimaye akaja balozi wetu wa nyumba kumi, amevaa koti lake la mikutano.

"Mbukwenyi," akasalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa," Bibi akaitikia, akamsogezea kigoda.

"Mama, msiba lazima uwe na marehemu. Serikali yenyewe haijatangaza msiba wowote."

"Na hii bei ya mafuta, ni serikali iliyoitangaza?"

"Hapana mama, hiyo ni vita."

"Basi mimi bei ya vita nimeilipa, balozi. Nimelipa kwenye mafuta, nimelipa kwenye sukari. Iweje msiba wake niambiwe si wangu?"

 Balozi akasema, "Mh! Mama wewe," akanywa maji, akaondoka.

Aliyeutatua mgogoro ni Mama Neema. Tangu aolewe sikuwahi kumsikia akimjibu Bibi. Siku ile alipiga magoti mbele yake, lakini sauti ilikuwa ya mtu aliyekasirika.

"Mama, mbegu zitaingia lini? Wanangu watakula nini? Mmoja nimeshamzika. Msiba una mwanzo na una mwisho, na wewe umetupa mwanzo tu. Hukutuita kulia. Tuite tulie, tumalize, tulime."

 Nilidhani Bibi atafoka. Badala yake alimshika Mama Neema begani.

"Umesema kweli, mwanangu. Niliona haya kuwaita. Niliogopa mtanicheka kama mlivyowacheka wale."

Basi alasiri ile majirani wakaitwa, na wakaja. Wengine walikuja kwa ajili ya shamba lao, nisiseme uongo. Wanawake walikalia mikeka, wanaume wakawasha moto wa matanga nje. Bwana Rashidi alifunga duka, akaleta sukari ya uji, akasoma dua; mzee wa kanisa akaomba. Mwanzoni kilio kilikuwa cha kulazimisha, wanawake wanatupiana macho kama wanaulizana nani aanze. Kisha Bibi akasimama.

"Marehemu wa leo hatuna jina lake. Hatuwezi kumzika kama si ndugu wa mtu. Kila mmoja aseme, alikuwa nani wake."

 Bwana Rashidi ndiye aliyeanza, "Alikuwa mama yangu." Balozi akasema alikuwa jirani yake. Mama Neema akasema, "Alikuwa mwanangu," na hapo ndipo kilio cha kweli kilipoanza, maana tulijua analia mtoto gani, na kila mwanamke pale alikuwa na wake. Zamu ikamfikia mjomba, aliyekuwa akishangilia kuliko wote. Akasema, "Alikuwa," akakwama. Akajaribu tena, akajifunika uso kwa mikono yote miwili. "Alikuwa mdogo wangu." Sikuwa nimewahi kumwona mwanaume mzima akilia vile, nikaogopa. Na mimi niliposukumwa niseme, nilisema alikuwa rafiki yangu wa darasani. Nilijibu tu ili zamu ipite, lakini mara nikamwona kabisa, msichana mwenye sweta lililochanika kiwiko, nafasi yake kwenye dawati iko tupu. Nililia mpaka kwikwi. Jua lilipoinama wanawake wakafagia uwanja, majivu yakatupwa, Bibi akachukua jembe akapiga ardhi mara moja kuifungua.

Asubuhi tulipanda, kila mtu, hata watoto hatukwenda shule. Nataka sana kuwaambia kwamba mavuno yalikuwa mazuri. Hayakuwa. Unyevu ulikuwa umepungua, mbegu nyingi hazikuota, na mvua ikakatika mapema. Mtama wetu ulinifika kifuani ukakauka hapo hapo. Wapo waliosema mvua ilikatika kwa sababu ya vile vicheko vya mbele ya redio. Wapo waliosema ni Bibi aliyetuchelewesha, na hao nyumbani kwetu hawakukanyaga tena. Tulikula mlenda na ugali kidogo, mara moja kwa siku, na mama alipoweza alituma unga kutoka mjini kwa bei ile ile ya vita. Neema na wadogo zake walikonda. Bibi alikonda kuliko wote, kwa sababu fungu lake alikuwa anawagawia wao na kusema ameshiba.

Jioni moja nilimsikia mjomba akimwuliza, bila ukali, "Mama, hujutii?"

"Najuta, Yona. Kila mtoto wako akiomba chakula najuta. Usidhani mimi ni jiwe." Akasukuma kuni motoni. "Lakini usiku ule ningewapa mbegu, mngekwenda shamba mnacheka."

Hawakuzungumza tena habari hiyo, na kwa rehema za Mungu hatukuzika mtoto yeyote mwaka ule. Nimeishi na maneno hayo muda mrefu, na bado sijui nani alikuwa na haki zaidi, Bibi au Mama Neema. Njaa inauma, na mtu aliyeshiba asiichezee kwa maneno mazuri. Kuna siku namlaumu Bibi kabisa.

Sasa nafanya kazi ofisini, Chimwaga. Mchana nakula kwa mama ntilie mwenye televisheni ukutani. Juzi walionyesha vita vingine, nchi nyingine, wakasema idadi ya waliokufa, wakaingia kwenye habari za michezo. Jamaa wa meza ya pili aliomba sauti iongezwe, ya michezo. Mimi nilikuwa nimeshika kijiko, na sikukiweka chini, nikaomba pilipili. Nilipomaliza ndipo nikagundua kwamba idadi yenyewe nimeshaisahau. Nikakaa pale nikiona uchungu mkubwa, nikatafuta ni nini ningeweza kukisimamisha, hata kwa siku moja, kwa ajili ya watu wale. Kazi yangu ni ya kompyuta na mihuri. Sina hata jembe la kuweka chini.