Eda ya Mbwa wa Vidole Sita

Mbwa yule alikuwa na vidole sita kila mguu, na watu wa mtaa wetu walikuja kuvihesabu. Hawakumgusa, bila shaka. Walisimama mbali, wakainama, wakahesabu kwa macho, wakasema subhanallah, wakarudi makwao. Mwenyewe, mwalimu wa Kizungu aliyefundisha shule moja na mume wangu, alieleza kwamba mbwa wa kabila hilo asili yao ni kisiwa kimoja cha kwao kwenye baridi kali, walifugwa ili wapande majabali kukamata ndege wa baharini, na kwamba duniani wamebaki wachache mno. Alikuwa jike mdogo, rangi ya maandazi, na aliweza kurudisha kichwa nyuma mpaka kisogo kikagusa mgongo. Mimi hayo yote hayakunihusu. Nilichotaka ni mwalimu aende kwao na mbwa wake, maana nyumba yake ya shule tulikuwa tumeahidiwa sisi.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya sitini, hapa Bagamoyo. Nilikuwa na mwaka wa tatu wa ndoa, tunaishi chumba kimoja nyumbani kwa mama mkwe. Chumba kilipakana na chake, na juu ya ukuta kulikuwa na tundu la kupitisha hewa. Nikicheka na mume wangu, upande wa pili mtu anakohoa. Nyumba ya mwalimu ilikuwa na bomba jikoni, sakafu nyekundu, na hakuna wa kukohoa. Nilishaipanga yote kichwani, kabati huku, kitanda kule.

Kumbe kumpeleka mbwa ng'ambo ni kazi kuliko kumpeleka mtu hija! Bwana mifugo, ambaye bila yeye mbwa hasafiri, alikuja na masharti yake. Mbwa achomwe sindano ya kichaa. Kisha atengwe mwezi mzima mahali penye ukuta, asigusane na mbwa mwingine, na asiwe na mimba. Akigusana na mwingine, hesabu inaanza upya. Na hata akifika kwao atafungiwa tena miezi kadhaa ndipo aachiwe. Nyumba za shule hazikuwa na ua, na mbwa koko walizurura pale watakavyo. Mwalimu alikata tamaa, na bila mbwa wake hasafiri.

Ndipo mama mkwe akasema mbwa aletwe kwetu, ua upo. Nilimtazama mara mbili. Huyu ni mtu aliyekuwa akivuka njia asipishane na mbwa. Nilimshukuru moyoni, mjinga mimi, nikaanza kufunga vyombo.

Alimuuliza bwana mifugo swali moja tu, kule kutengwa ni kwa ajili ya nini. Akajibiwa kwamba ni kungoja, ijulikane kama mwilini hamna kitu kilichojificha. Mama mkwe aliridhika kabisa.

"Basi hiyo ni eda," akasema, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumweleza zaidi.

Eda ikakaliwa kwelikweli. Jogoo akahamishiwa kwa jirani. Paka dume akafukuzwa kwa fagio. Mume wangu, mtu na nyumba yao, akatakiwa abishe hodi kabla ya kuingia uani, na apite upesi macho chini. Mashoga wa mama mkwe walikuja kutazama, wakabaki wakiulizana kama mbwa kaachwa au kafiwa. Kulisha ilikuwa kazi yangu. Nilimpa ugali na dagaa kwa upawa niliofunga kwenye fimbo ndefu, na bado mate yake yakinirukia naosha mara saba, moja kwa udongo, mama mkwe akinisimamia asije shetani akanipunguzia hesabu.

Mwezi ulikuwa karibu kutimia alipokuja mjomba wa mume wangu kutoka Mkange, mwindaji, na mbwa wake dume. Mlango wa ua ulikuwa wazi. Sijui nani aliuacha. Ninachojua ni kwamba mimi nilikuwa kisimani na mume wangu shuleni. Niliporudi mambo yalikuwa yameshakwisha, na mama mkwe alikuwa ameshavaa buibui anakwenda kumwarifu bwana mifugo yeye mwenyewe. Mwezi ukaanza upya. Usiku nilipomlalamikia mume wangu, alicheka mpaka tukakoholewa.

Wiki zikapita. Bwana mifugo akaja, akapapasa tumbo la mbwa, akatangaza kwamba ana mimba. Mwalimu alikaa kwenye ngazi akashika kichwa, maana kwao kulikuwa na dume la kabila lilelile ambalo lilikuwa likimngoja bibi harusi. Mama mkwe alimletea kahawa, akamtuliza kwamba sheria iko wazi, eda ya mwenye mimba huisha akizaa. Bwana mifugo akaitikia kwamba ndivyo, kisha akajishtukia.

Nikapiga hesabu. Azae, watoto waache kunyonya, ndipo mwezi wa kutengwa uanze tena. Nyumba yangu ilikuwa imeota mbawa. Nilimfuata mama mkwe jikoni, akiwa anapeta mchele, nikamuuliza kama ule mlango aliuacha wazi makusudi. Sikuwa na adabu, na siku ile sikuitaka.

Hakukana. Aliendelea kupeta, akapuliza makapi.

"Mbwa mimi wa nini?" akasema. "Nakutazama wewe. Miezi miwili hii hujaacha sala hata siku moja."

Hasira za nyumba zilikuwa zimenijaa hata siku zangu zikapita bila kuja na mimi sina habari, naye alikuwa akiniona kila alfajiri natandika msala.

"Ile ya kwanza ilitoka uko peke yako kule Lugoba," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku. "Huyu atazaliwa humu, mwanangu. Nitampokea mimi kwa mikono yangu."

Lugoba ndiko mume wangu alikoanzia kazi. Mimba ile ilinitoka yeye yuko darasani, na tangu turudi hakuna mtu aliyeitaja mbele yangu. Nilikuwa nikidhani wamesahau.

Nilitaka kumwambia kwamba mimi si mbwa wa kufungiwa uani. Nilitaka pia kumwangukia magotini. Nilishindwa nianze na lipi, nikalia. Mama mkwe aliniacha nilie mpaka nikanyamaza, akauweka ungo chini, akaniambia kuanzia kesho ndoo ya kisimani ataibeba mwanawe.