Ramani Isiyo na Chemchemi

Juzi hapa Malaba tuliitwa kutoa maoni kuhusu mpango mpya wa msitu wetu wa umma. Afisa alitandaza ramani mezani, kisha, kabla hajaeleza chochote, akazungusha daftari la mahudhurio.

Mama mmoja mwenye gambuti hakulipokea. Aliinamia ramani.

"Boss, chemchemi yetu mbona siioni?"

"Hapo patazungushiwa ua, mama. Saini kwanza, maoni baadaye."

"Nikisaini mtasema nilikubali. Halafu maji nichote wapi, kwa ofisi yako?"

Watu walicheka. Afisa alijifanya anatafuta kitu kwenye simu. Mama akachukua kalamu ya daftari, akachora duara la chemchemi katikati ya rangi ya kijani ya msitu kwenye ramani, na kando yake akaandika jina lake.

"Mimi nimehudhuria hapa," alisema.

Wanawake wengine wakapanga foleni nyuma yake. Mimi na digrii yangu tulikuwa tumeshasaini daftari bila kusoma hata kichwa chake. Nikarudi, nikafuta jina langu, nikaingia foleni.

Sasa ofisi ina daftari karibu tupu na ramani iliyojaa majina. Waipeleke Nairobi hivyo hivyo.