Sindano Iliyoinamia Kusini

Waliomjua Ildefons Byarugaba uzeeni, akiwa karani wa kupokea kahawa huko Muleba, walimwona mtu mkimya mwenye adabu iliyopita kiasi, anayekuitikia kwa heshima ya Kihaya "ndiyo, waitu" kabla hujamaliza kusema. Ni wachache waliojua kwamba enzi za Mwingereza mtu huyo nusura aende Makerere kusoma fizikia. Kilichomzuia si ujinga. Ingekuwa ujinga, hakuna ambaye angeumia.

Nyumbani kwao vichwa vya hesabu vilikuwa viwili, chake na cha dada yake Kokugonza, na cha dada ndicho kilichokuwa chepesi zaidi. Baba yao alipofariki, kibanja, shamba lao la migomba na mibuni, kilitaka mikono, na mama peke yake hakukiweza. Ukoo ukakaa, ukanywa rubisi, ukaamua kwamba msichana arudi kulima na mvulana aendelee na shule. Kokugonza mwenyewe hakuulizwa. Alishika jembe, na Ildefons akapanda lori la kahawa kwenda Bukoba, kwenye shule moja ya misheni iliyokuwa juu ya kilima.

Kila likizo alirudi na kitabu cha maswali, na jioni, wakimenya ndizi, alimsomea dada yake kwa Kihaya. Maswali ya kitabu hicho yalitungwa na watu wa mbali. Kulikuwa na treni, kulikuwa na barafu, kulikuwa na sanduku linaloteleza kwenye mteremko usio na msuguano. Ildefons aliligeuza sanduku likawa mkungu wa ndizi.

"Mteremko usio na msuguano uko wapi?" Kokugonza aliuliza.

"Haupo. Tunauwaza tu, ili hesabu iwe rahisi."

"Basi ukishapata jibu, urudishe msuguano. Vinginevyo umehesabu nchi ya watu wengine."

Walicheka. Kokugonza alilitafuna kila swali mpaka likaisha, na mara nyingi jibu alikuwa nalo kabla ya mdogo wake kulichora ardhini kwa kijiti. Ildefons aliona aibu kidogo, na akajiapiza kwamba akifika Makerere atakuwa amewafikisha wote wawili. Maneno hayo alimwambia dada yake wazi, naye dada akayaweka moyoni. Ndiyo malipo pekee aliyoahidiwa.

Fizikia ilifundishwa na Mwalimu Datius, mtu wa huko huko Kagera, wa kwanza katika tarafa yao kusoma mpaka huko juu. Alikuwa na suti, viatu vya kung'aa, na heshima iliyowafanya watu washushe sauti mbele yake. Kitabu alikijua kwa moyo. Ubaya wake ni mmoja tu, nao ni mkubwa: alidhani kukijua kitabu ndiko kuijua dunia.

Mwaka wa mwisho walifika kwenye sumaku. Shule ilikuwa imeletewa kwa meli chombo chenye sindano ya sumaku inayoning'inia kwenye duara lililoandikwa digrii. Ukiielekeza vizuri, sindano hiyo haitulii mlalo. Ncha yake moja huinama kuelekea ardhini, kufuata sumaku ya dunia. Kitabu kilisema ncha ya kaskazini ndiyo inayoinama, na kwamba inainama sana, digrii sitini na saba. Ildefons alipoipima pale kilimani Bukoba, ncha ya kusini ndiyo iliyoinama, tena kidogo, digrii ishirini na kitu.

Hakukurupuka kusema. Alikigeuza chombo, akapima tena. Aliisugua sindano kwa sumaku upya, kinyume, ili ile ncha ya kaskazini iwe ya kusini, kusudi aone kama labda upande mmoja ni mzito. Bado iliyoinama ni ncha ya kusini, ingawa sasa ilikuwa upande mwingine wa sindano. Hapo ndipo alipokwenda kwa Mwalimu Datius, mikono nyuma.

"Sindano imeharibika melini," Mwalimu alisema bila kuitazama.

"Nimeisugua upya, Mwalimu. Bado inainamia kusini."

"Ildefons, waliotunga kitabu hiki wamepima kabla babu yako hajazaliwa. Wewe umepima jana. Nani akosolewe?"

Darasa likacheka, na Ildefons akacheka nalo, maana ndivyo tulivyolelewa: mkubwa akikucheka, unamsaidia. Lakini alilolijua alilijua. Usiku ule alilifikiria akaelewa kwamba kitabu hakikusema uongo. Kilisema kweli ya London, na Bukoba iko upande mwingine kabisa wa dunia ya sumaku. Aliwaza kumwambia Mwalimu hivyo, akaogopa kuonekana anamfundisha.

Siku ya mtihani wa vitendo, kila mtahiniwa alikuta meza yake na jaribio lake. Ildefons aliangukia meza ya sindano. Swali lilitaka apime mwinamo wa sumaku ya dunia mahali alipo, kisha akokotoe umeme unaozaliwa kwenye bawa la ndege inayoruka mlalo juu ya mahali hapo, na aseme unaelekea upande gani. Lilikuwa swali lake. Alipima, akaandika ishirini na kitu, kusini. Hesabu ikamteremkia kwa raha.

Mwalimu Datius, aliyekuwa akisimamia vyombo, alipita nyuma yake. Akasimama. Kusema kulikatazwa. Alikohoa, akaweka kidole juu ya ile namba, akakiacha hapo kwa muda, kisha akaenda zake akitikisa kichwa kwa huzuni, tena huzuni ya kweli, ya mtu anayempenda mwanafunzi wake.

Ildefons akafuta. Akaandika sitini na saba, kaskazini. Akafuta na hesabu yote, akaianza upya, umeme ukaelekea upande ule mwingine. Hakusita hata kidogo, na hilo ndilo lililokuja kumuudhi maisha yake yote.

Majibu yalirudi kutoka ng'ambo baada ya miezi. Masomo mengine alikuwa amefaulu vizuri mno. Fizikia ilikuwa imefutwa. Msahihishaji alijua Bukoba ilipo: aliandika kwamba mtahiniwa huyu hakupima kitu, amenakili namba ya London, na kwamba udanganyifu haustahili alama. Nafasi ya Makerere ikapewa mtu mwingine.

Mwalimu Datius alimwita ofisini, akamsomea maneno hayo polepole. Kisha akavua miwani.

"Mtihani ulikuwa wako, si wangu. Kwa nini hukuandika ulichokiona?"

Hapo palikuwa na jibu, na lilikuwa fupi.  Ildefons akainamisha kichwa.

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusamehe," Mwalimu akasema, na alimaanisha.

Ildefons alirudi Muleba akamkuta Kokugonza shambani, akipalilia mibuni. Akamweleza yote, kuanzia sindano hadi ofisini, hakuficha hata kidole kile. Dada alimsikiliza akiwa amesimama, jembe mkononi. Hakulia, wala hakumlaumu. Aliuliza swali moja, kama alivyouliza siku zote hesabu inapomkataa.

"Kwa hiyo yeye ulimwomba msamaha?"

"Nilimwomba."

Kokugonza akaitikia kwa kichwa, akainama, akaendelea kulima. Alipofika mwisho wa mstari ndipo aliposema, bila kugeuka.

"Mimi hujaniomba."