Nilipasuliwa kichwa kuondoa meningioma, mke wangu akarudishiwa mume wake

Wakuu, salamu kutoka Busia, upande wa Uganda.

Haya ni ya kweli tupu na yamenipata mimi mwenyewe. Sehemu ambazo sikumbuki nimemuuliza mke wangu, na yuko hapa pembeni anasoma kabla sijapost. Hata nikitaka kuongeza chumvi, sina nafasi.

Mimi ni clearing agent. Nashughulikia makaratasi ya malori yanayovuka mpaka. Ni kazi ya mdomo. Umchekeshe dereva, umtulize mwenye mzigo anayepiga simu kila mara, umsalimie afisa vizuri. Na mdomo Mungu alinipa. Yadi nzima ya malori walikuwa wananiita Redio.

Kwetu ni Mella, Tororo. Mke wangu, Mama Athieno, ni Msamia wa Sikuda.

Sasa hiyo Redio ikaanza kuzimika polepole.

Kwanza iliondoka pua. Nikila samaki, naona kama natafuna karatasi. Nikasema ni mafua, yatapita.

Siku moja Mama Athieno aliweka maharage jikoni, akaniomba niyaangalie, akaenda sokoni. Kurudi akakuta nyumba imejaa moshi, maharage yamekuwa makaa, na mimi nimekaa kwenye kistuli hapo hapo karibu na jiko.

"Baba Athieno, husikii harufu?"

"Harufu gani?"

Anasema kilichomtisha si maharage. Ni kwamba sikuinuka.

Baada ya hapo nikaacha kuongea. Kuoga mpaka niambiwe. Kazini nakaa tu, simu inalia naiangalia. Bosi wangu alivumilia, mwisho akaniambia nikapumzike nyumbani.

Hapa naomba mnielewe vizuri wakuu. Sikuwa na huzuni. Sikuwa na stress. Hakuna kilichoniuma. Ungeniuliza ningekwambia niko sawa, na ningekuwa sikudanganyi.

Halafu baba mkwe akafariki kule Sikuda.

Mimi ndiye mkwe mkubwa, na kila mtu alitegemea nitasema maneno mazuri ya kumuaga. Nikapewa maikrofoni. Nikasimama, nikaangalia watu. Halafu, maikrofoni ikiwa bado mdomoni, nikauliza kama chakula kimeiva.

Hilo silikumbuki kabisa. Lakini Sikuda nzima inalikumbuka.

Maneno yakaanza. Wengine wakasema pombe, na mimi sinywi. Wengine wakasema nina mwanamke Malaba. Wengine wakasema nimelogwa na watu wa yadi. Shemeji yangu Wandera, kaka mkubwa wa mke wangu, akamwambia dada yake waziwazi: "Rudi nyumbani. Huyu mtu amekudharau mbele ya maiti ya baba."

Mama yangu naye akaja kutoka Mella. Akaniangalia muda mrefu, akasema: "Hii si mtoto yangu. Mtoto yangu iko wapi?"

Mama Athieno akafunga nguo zake kwenye begi. Anasema alifungia mbele yangu makusudi, aone nitasema nini.

Zipu ilikuwa imekwama, nikamsaidia kuivuta.

Hapo ndipo alipolitua lile begi. Leo ukimuuliza anakwambia: "Mwanaume mwenye mtu nje angekasirika, ama angefurahi. Huyu uso wake haukuwa na chochote. Nikajua huo ni ugonjwa."

Ugonjwa gani sasa, hakujua. Akaanza kuniangalia kwa makini, akaona najigonga kwenye mlango, na chai namimina nje ya kikombe. Akanipeleka kwa daktari wa macho Tororo, akidhani nahitaji miwani.

Daktari akamulika macho kwa kile kitochi chake, jicho moja, la pili, akarudia. Akamwambia: "Mama, shida haianzii kwenye macho. Kuna kitu kinasukuma kutoka ndani. Apigwe picha ya kichwa, na msikawie."

Picha ikaonyesha uvimbe mkubwa nyuma ya paji la uso, juu kidogo ya pua. Tukatumwa Kampala.

Daktari wa upasuaji alituchorea. Meningioma, akasema, inaota kwenye utando unaofunika ubongo, si kwenye ubongo wenyewe. Mara nyingi si kansa. Inakua taratibu, miaka mingi, huku inabana kila kilicho karibu. Uvimbe wangu ulikuwa umebana mshipa wa kunusa, mishipa ya macho, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomfanya mtu ajali.

Hakutuficha hatari. Naweza kutoka damu nyingi. Naweza kutoona tena. Naweza nisiamke.

Wandera alikuwepo. Akauliza: "Na tukikataa?"

"Utaendelea kukua. Atapofuka kwanza."

Wandera akauliza mahali pa kutolea damu. Ndiyo, Wandera huyohuyo.

Upasuaji ulichukua karibu siku nzima. Nikapelekwa ICU, uso umevimba kama mandazi, kichwa bandeji tupu.

Nilipoamka vizuri nilimwona mwanamke amekaa karibu na kitanda, amekonda, kitambaa kimelegea kichwani. Nikamwuliza:

"Wewe umekula?"

Mama Athieno akatoka mbio. Kule kwenye korido akapiga yowe, akakaa chini. Wandera kusikia yowe akajua nimekufa, na yeye akaanza kulia, mwanaume mzima. Nesi akaja kuwatuliza.

"Ameenda?" Wandera anauliza. "Ameenda?"

"Ameniuliza kama nimekula!"

Ilikuwa zaidi ya mwaka sijamwuliza mke wangu swali lolote.

Majibu ya maabara yakaja: si kansa, ni ile aina isiyo kali. Waliondoa karibu yote. Kipande kidogo kiliachwa kwa sababu kimeshikana na mshipa wa damu, kwa hiyo kila mwaka napigwa picha kuona kama kimeamka. Mpaka sasa kimelala.

Nisiwadanganye kwamba nimekuwa mpya kabisa. Tukiwa Mella nilianguka kifafa mara moja, mama akanishika kichwa mpaka kikatulia. Tangu hapo nameza dawa bila kuruka, na pikipiki siendeshi, nabebwa na boda kama mzee. Jicho la kushoto lina ukungu kidogo. Mchana nachoka, lazima nilale.

Pua haikurudi, na daktari alisema nisiingoje. Kunusa maziwa ni kazi ya Athieno, binti yetu. Akikunja uso, tunamwaga.

Lakini kazini nimerudi, nusu siku. Mama yangu ananipigia simu, tunacheka mpaka muda wa maongezi unaisha.

Na si wote wanatoka hivi. Jamaa wa kitanda cha jirani, uvimbe wake ulikuwa mahali pabaya zaidi, leo anatembea kwa fimbo. Mama mmoja tuliyemzoea wodini hakuamka. Inategemea uvimbe umekaa wapi, una ukubwa gani, na wewe umewahi hospitali kiasi gani.

Nilichojifunza: mtu akibadilika tabia ghafla au polepole, kabla hujasema pombe, michepuko au uchawi, fikiria kichwa. Hasa kama na pua imepotea, au macho yanafifia.

Waliopasuliwa kama mimi, mnaendeleaje? Dawa za kifafa mliacha lini? Na mwenye ndugu ambaye hamwelewi siku hizi, andika hapa dalili zake. Mimi si daktari, ila naweza kukwambia kama zinafanana na zangu. Nitajibu asubuhi asubuhi, kabla sijachoka.

Ila usimsubiri aombe msaada mwenyewe. Mimi nilikuwa nimepotea ndani ya nyumba yangu, na sikujua.