Jogoo wa Kuombea Radhi Wodini

Siku niliyoanza safari hapa kijijini Wema na jogoo kwapani, kwenda kuomba radhi kwa kosa ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua, naikumbuka hadi leo, mwanangu Hamara. Nikiikumbuka hasira hunipanda upya, kana kwamba yule jogoo bado ananikwaruza mbavu. Keti. Au kama uko zamu, soma kidogo kidogo. Mimi baba yako sina haraka. Unajua vizuri kwamba safari yangu ndefu wiki hii ilikuwa ya kutoka kitandani hadi kwenye banda la kuku, na hapo katikati nilipumzika.

Uliponipigia simu juzi ukilia, ukasema muuguzi mkuu wa wodi yenu amekusingizia kosa mbele ya wenzako, na kwamba marafiki wanakushauri uombe msamaha tu yaishe kwa kuwa mtihani wa leseni umekaribia, sikukujibu. Ulidhani laini imekatika. Haikukatika. Nilikuwa nimeghadhibika mno. Ndiyo maana nakuandikia. Elimu yangu ni ya kidato cha nne na mwandiko wangu ni kama wa hao kuku, lakini utavumilia.

Shangazi yako Haluwa, huyu mnayemwona leo na miwani yake, ambaye hata mimi kaka yake huniamrisha nimeze dawa za presha mbele yake kisha nifungue mdomo aone, alikuwa msichana kama wewe. Alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo cha uuguzi, anafanya mazoezi katika hospitali moja ya huku kwetu. Jina la hospitali nitaliacha. Siku zake za mapumziko alikuja nyumbani, na msimu ule mpunga ulikuwa umeanza kuiva. Unajua sheria ya nyanya yetu: asiyefukuza ndege hali. Kwa hiyo Haluwa alisomea mtihani shambani, miguu kwenye matope, mimi nikiwa nimeketi kwenye kichanja cha walinda ndege na kitabu chake, nikimsomea maswali. Nilikuwa nimemaliza shule na nilikuwa nangoja kuitwa kazini. Nangoja hadi leo.

Basi nasoma: "Mtoto ameletwa, anahara tangu jana, macho yameingia ndani, ngozi ikifinywa inachelewa kurudi. Muuguzi atafanya nini kwanza?" Kisha majibu manne.

"Amwite daktari!" nikajibu mimi, kabla mwenye mtihani hajafungua mdomo.

"Daktari wako yuko wapi, kaka? Malindi?" Haluwa akawarushia ndege bonge la udongo. "Soma tena. Na uache kunijibia."

Nikasoma tena. Akasimama na udongo mkononi, akafikiri. "Kwanza nimwangalie. Anapumua vipi, ana fahamu, anaweza kunywa au hawezi? Nikishajua hayo ndipo niseme ni maji ya chumvi na sukari au ni dripu. Yote hayo manne ni mazuri, lakini moja ndilo linalotangulia."

Mimi niliona ni maswali ya hila, ya watu wa mjini wasiokuwa na kazi. Nilishindwa karibu yote. Kama ningepewa wodi, mwanangu, ningewaita madaktari hadi wakahama wilaya.

Sasa sikiliza kilichotokea. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, mama mmoja aliyekuwa pale miaka mingi na ambaye hata wagonjwa walilala kwa adabu akipita, alimwambia Haluwa alasiri moja: "Nitazamie hawa, natoka mara moja." Akaenda sokoni. Saa ya sindano ya mtoto aliyelala kitanda cha dirishani ikafika. Mwanafunzi haruhusiwi kudunga sindano bila muuguzi mwenye leseni kusimama hapo, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Haluwa akaenda kutafuta mtu. Wodi ya pili hakuna, chumba cha kujifungulia muuguzi ana mama aliye katikati ya uchungu, hawezi kumwacha. Akarudi, akatoka tena. Sindano ikachelewa.

Yule mkuu akarudi jua likishuka, wakati wa kupokezana zamu. Akasimama mbele ya wenzake, na wazazi wakiwa pale, akasema, "Huyu wa dirishani hakupata sindano. Mwanafunzi wetu amesahau. Pengine alikuwa anauota mtihani." Watu wakacheka. Mama wa mtoto alikuwa Muorma aliyetoka malishoni, Kiswahili hakijui. Mfagiaji akamtafsiria. Yule mama akamtazama Haluwa.

Na Haluwa akanyamaza! Mwanangu, alinyamaza kwa sababu tulimlea hivyo. Kwetu msichana hamkanushi mtu mzima hadharani. Adabu tuliyompa kwa ajili ya nyumbani akaivaa hadi kazini, nayo ikamziba mdomo.

Mtoto alidungwa sindano usiku ule, homa ikampanda kisha ikashuka, Mungu alisaidia. Lakini asubuhi yule mkuu akamwambia Haluwa: "Njoo na wazee wako tuyamalize kinyumbani. La sivyo nampa habari mwalimu wako, uone kama utaukalia huo mtihani." Mwalimu wa mazoezi alikuwa aje Jumatatu kusema nani aende mtihani na nani abaki. Mwanafunzi mwenye kosa la dawa angebaki.

Haluwa akaja nyumbani macho mekundu. Akasema maneno machache tu: mkuu amekasirika, anataka wazee, la sivyo mtihani haupo. Basi, ikawa kama tumepigiwa kengele ya kanisa. Baba mkubwa Jilo, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa amani kupita kiasi. Kwake hapakuwa na jambo duniani lisiloweza kumalizwa kwa jogoo na kibaba cha mchele. Nawe unajua desturi yetu: kumwendea mkubwa na jogoo si kukiri kosa, ni kupoza mioyo tu, na mara nyingi mwenye haki ndiye hutangulia. Ni desturi nzuri, siikejeli. Imeokoa ndoa nyingi kijijini hapa, na yangu mimi mara kadhaa. Muulize mama yako.

Nikatumwa kumkamata jogoo. Kazi hiyo peke yake ilinichukua nusu ya asubuhi, kwa kuwa jogoo alikuwa na mbio na mimi nilikuwa na kitambi cha kungoja kazi. Baba mkubwa akavaa koti la Jumapili. Haluwa akatoka nyuma yetu, kichwa chini. Tukapita mbele ya jiko, na nyanya yetu alikuwa ameketi pale akipepeta mchele.

"Jilo, unampeleka wapi jogoo wangu?"

"Kwa yule mkuu wa hospitali, mama. Tukaombe radhi yaishe."

"Yaishe nini?"

Baba mkubwa akakohoa. "Yale... yale mambo."

"Mambo yana jina. Litaje."

Baba mkubwa akafunga kifungo cha koti, akakifungua. Nyanya akanigeukia. "Wewe msomi, mwenye kidato cha nne. Litaje wewe."

Nikamtazama jogoo. Jogoo naye akanitazama kana kwamba ananisubiri.

Nyanya akaweka ungo chini. Akamwita Haluwa, akamkalisha kando yake, akamuuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Ulisahau?"

"Sikusahau, nyanya."

Kisha akayasema yote, tangu kutoka kwa mkuu hadi kurudi kwake. Tangu binti yule alipofika nyumbani tulikuwa tumempa pole, tumemkaripia, tumemwombea, tumemkamatia na jogoo. Kumuuliza, hakuna aliyemuuliza! Na mimi ndiye niliyeshinda kichanjani nikisoma kwa sauti, "Muuguzi atafanya nini kwanza?" Tulikuwa tumeshampa dawa bila kumtazama.

Nyanya alisimama. Sijawahi kumwona mtu mfupi akiwa mrefu namna ile. "Jilo, vua koti hilo. Huyo mwanamke hataki radhi, anataka mtu wa kumbebea kosa lake. Hapa kijijini ukiomba radhi watu wanasema una adabu. Kule ukiomba radhi wanasema umekiri. Mtampa mchele, mtampa jogoo, na kesho mtoto mwingine atacheleweshewa sindano, na aliyemchelewesha atakuwa ameshiba! Mnanunua amani kwa jina la binti huyu? Kwa mgongo wa mtoto wa watu aliyelala na homa? Amani gani hiyo?"

Baba mkubwa akanong'ona, "Mama, tunaogopa mtihani."

"Nami naogopa muuguzi atakayepita mtihani kwa kuogopa."

Baba mkubwa akavua koti. Hata jogoo alitulia.

Haluwa alirudi hospitalini peke yake, bila wazee. Hakwenda kupiga kelele. Alimfuata mkuu pembeni, akasema, "Sista, nakuheshimu. Ulilosema mbele ya watu si kweli, nami naomba ulisahihishe mbele ya watu." Unajua alijibiwa nini? "Wewe mtoto wa juzi, leseni yenyewe huna, unanifunza kazi?" Sikuwapo, lakini Haluwa aliponisimulia nilimpiga teke mtungi wa maji, na nyanya akanituma mtoni kuujaza tena.

Jumatatu mwalimu alipofika, Haluwa hakungoja kushtakiwa. Akamweleza: niliagizwa hivi, nilifanya hivi, hili sikulifanya kwa sababu hii. Hakumtukana mtu, hakusema mkuu ni mtu mbaya. Alisema mkuu hakuwepo. Mkuu akacheka, akasema mwanafunzi anajitetea, hana shahidi.

Na Haluwa, mwanangu, ndipo akafanya lile linalotangulia, ambalo mle wodini hakuna aliyekuwa amelifanya. Akasema, "Mama wa mtoto alikuwa hapa wakati wote. Naomba aulizwe."

Mfagiaji akaitwa. Swali likaulizwa kwa Kiorma. Yule mama akazungumza kwa muda, akionyesha kwa kidole mlango huu na mlango ule, na mfagiaji akatafsiri huku ameinamisha macho: "Anasema huyu msichana alikuwa akikimbia, anatoka huku anaingia kule, anarudi kumshika mtoto paji la uso, anatoka tena. Yule mkubwa, mama huyu hakumwona hadi jua lilipokuwa linashuka. Anasema siku ile mlimtafsiria jibu. Swali hamkumtafsiria."

Usidhani mkuu aliomba radhi. Alisema ulikuwa utani tu, mwanafunzi hajui utani. Na kwa muda uliobaki, Haluwa akiingia chumba cha chai vikombe vilinyamaza. Alikunywa chai yake amesimama dirishani. Hiyo ndiyo gharama, sitakudanganya kwamba haipo. Lakini mwalimu alimpeleka mtihani, akaufanya, akapita.

Siku aliyorudi kutoka mtihani, kabla hata majibu hayajatoka, nyanya alimchinja jogoo yule yule. Akasema jogoo hapikiwi aliyeumiza, anapikiwa aliyeumizwa. Haluwa akapewa mapaja yote mawili. Baba mkubwa akapewa mgongo. Mimi niliyemkimbiza nusu ya asubuhi nikapewa shingo, na sikuthubutu kulalamika.

Basi, Hamara, hili ndilo ninalokuambia, na ulishike.

Usiombe msamaha kwa kosa usilolifanya. Adabu si hiyo. Lakini siku utakayokosea kweli, na utakosea, hao uliowashika ni watu wala si magunia, useme wewe mwenyewe, upesi, kabla hujatafutwa, maana kuna mtu kitandani anayengoja ukweli wako zaidi ya sindano. Anayekulaumu muulize kosa kwa jina lake. Mfuate kwanza pembeni, kwa heshima, kisha ndipo uende kwa wakubwa, nako useme uliloliona tu, tabia yake umwachie mwenyewe. Andika yaliyotokea siku hiyo hiyo, kabla hasira haijayaongezea chumvi. Na mgonjwa muulize. Hata kama ni Muorma, hata kama ni Msomali aliyefika jana kutoka Nanighi, mtafutie mtu wa lugha yake. Wodi nzima ilijaa watu wenye vyeo, na shahidi alikuwa ameketi kitandani hakuna aliyemtazama!

Na huo mtihani, soma swali hadi mwisho. Usikimbilie kumwita daktari kama baba yako. Jibu linalotangulia ni kumtazama mtu aliye mbele yako. Ukichoka, lala.

Kesho utamfuata huyo mkuu wako, mikono yako ikiwa mitupu. Mimi huku nimeshamfunga jogoo mguu. Si wa kuombea radhi. Ni wako, siku utakayotoka kwenye chumba cha mtihani, upite usipite, nami safari hii naomba angalau bawa. Mungu akupe mikono myepesi na ulimi usiotetemeka. Wagonjwa wako waamke, wenzako wakuone, na wasipokuona, nyumba hii inakuona. Enda, mwanangu. Nimekuridhia.