Kumwimbia Maestro Nakivale

Kilichoniondoa nyumbani kilikuwa simu kutoka Marekani. Binti wa mwalimu wangu wa muziki aliniarifu kwamba baba yake amefariki, na kwamba aliomba azikwe kwa wimbo mmoja tu, ule wa kwaya ya Wakongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, uimbwe na wenyewe. Nilitakiwa niurekodi. Ujanani nilikuwa msaidizi wake; kama si mimi, angekwenda nani?

Asubuhi ya Jumamosi nilipanda pikipiki Kakoba, mjini Mbarara, tukashika njia ya Isingiro, migomba ikitusindikiza pande zote mbili, nami nikapata nafasi ya kumkumbuka. Alianza kama mpiga kinanda wa kanisa katika mji mdogo. Baadaye akawa mpangaji wa nyimbo za maonyesho, anayegawia kila sauti mstari wake, kisha mwongozaji wa muziki, yule anayesimama gizani chini ya jukwaa huku wenzake wakimulikwa. Alitunga pia muziki wake mwenyewe, lakini hakupenda kuuzungumzia. Uzeeni alikuja Mbarara kutufundisha muhula mmoja, akakaa miaka kabla ya kurudi kwao.

Baada ya lami kuisha, vumbi lilitupokea, na vilima vikabaki na nyasi na ng'ombe wa pembe ndefu. Njia hiyo nilikuwa nikipita naye kila wiki. Tukifika, kabla ya kutaja wimbo, aliuliza ni nani amekuja. Kila mwimbaji alipopata safari ya kuhamia ng'ambo, Maestro, kama walivyomwita, aliupanga wimbo upya kwa waliobaki. Alituambia kwamba mtunzi huandikia sauti anazozisikia kichwani, ila mpangaji huandikia zile zilizofika.

Nakivale nilipokewa na Mama Nabintu, kiongozi wa kwaya, mlangoni pa kanisa lao la udongo na mabati. Alimlilia Maestro, kisha akacheka kuona mvi zangu. Ndani walikuwamo wanawake wachache. Wanaume wa besi, sauti nzito ya chini, wote walikuwa wamekwisha kuondoka, na wa mwisho alikuwa mume wake, Baba Shukuru. Faili zao za kuhamishiwa ng'ambo zilitenganishwa, yeye akatangulia Marekani, mkewe bado anangoja.

Wakaimba. Ubeti wa tatu huanza kwa besi peke yake, na walipoufikia, wote walinyamaza. Walisubiri mstari mzima upite kimya, kama vile mtu anaimba, kisha wakaingia pamoja. Niliambiwa ndivyo wanavyofanya tangu Baba Shukuru aondoke.

Nilieleza kwa upole kwamba huko mazikoni watadhani rekodi imekatika. Nikajitolea kuimba mstari ule mwenyewe. Nilipomaliza, mama mmoja wa sauti ya pili alitikisa kichwa.

"Mwalimu, hii sauti ni ya mbuzi yenye kupoteza mama yake."

Walicheka wote, isipokuwa Mama Nabintu.

"Ile fasi ni ya Baba Shukuru," alisema, fasi kwao ikiwa nafasi. "Nikiipa mutu mwingine, itakuwa kama nimesema hatutaonana tena."

Kisha akaniuliza Maestro angefanya nini, akaniomba nisimdanganye.

"Asingeiacha wazi, Mama. Angempa aliyekuja."

Aliwaambia wenzake waanze tena. Kwenye ubeti wa tatu alifumba macho, akaimba mstari wa mumewe kwa sauti yake mwenyewe, chini kadiri alivyoweza kushuka. Noti ya mwisho ilipasuka. Hakuna aliyependekeza kurudia.

Wakati wa kuagana alinishika mkono. "Tuma na kwa Baba Shukuru. Umwambie fasi yake sikuipa mutu, naishika tu."

Njiani kurudi nilikiri moyoni jambo moja. Siku zote niliamini kwamba kazi kubwa ya Maestro ilibaki katika majumba ya maonyesho ya kwao, na kwamba kwetu alikuja kupumzika. Kumbe hapa ndipo alipoifanya iliyo ngumu zaidi: kuupanga wimbo mmoja, tena na tena, kwa ajili ya watu wanaopungua.

Jioni, nikiwa nyumbani Kamukuzi, nilituma rekodi kwa wote wawili. Binti wa Maestro alinijibu kwa shukrani ndefu. Baba Shukuru alituma ujumbe wa sauti: ilikuwa rekodi yetu, ubeti wa tatu, na chini ya sauti ya mkewe, yake.