Alama ya Kutazama Machoni

Siku yangu ya kwanza kufundisha, katika shule moja ya msingi huko Bondeni, mkuu wa idara alinipa kalamu nyekundu na rundo la insha. Nikamwuliza nisahihishe vipi. Akasema nisome tu, insha nzuri nitaijua. Nilifanya kazi hivyo miaka mingi, na kama niliwapunja wanafunzi, basi sikujua.

Kisha ukaja mtaala mpya, na rubriki zake. Nyinyi vijana mmezizoea. Sisi zilitupiga chenga. Rubriki ni jedwali: upande wa kushoto vigezo, yaani yale unayoyapima, juu viwango vinne, kuanzia kuzidi matarajio hadi kuwa mbali nayo. Kila chumba unakijaza maelezo, ili walimu wawili wakisahihisha kazi moja wasipishane. Niliipenda mno, nikajiona fundi.

Zoezi lilikuwa mahojiano: kila mwanafunzi amhoji mgeni mzee mbele ya darasa. Kigezo changu kikuu kilisema amtazame machoni na sauti isikike. Zuhura, mtoto wa mtaa wa kale wa Ndia Kuu, alimwamkia mzee kwa adabu, akauliza maswali mazuri kuliko wote, kwa sauti ya chini, macho sakafuni. Jedwali likanielekeza: mbali na matarajio. Nikaandika, moyo ukinisuta.

Kesho yake bibi yake alikuja shuleni. Hakugombana; alitaka tu nijue nani alimfundisha mtoto kuinamisha macho.

"Mwalimu, ni mimi nilomfunda kuinika mato akisema na mkubwa wake. Hiyo alama niandikiye mimi."

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikitaka kukifuta kigezo. Akanijibu kwamba rubriki haibadilishwi baada ya kazi kufanywa; na wale waliotazama machoni tutawaambia nini? Alikuwa na haki. Bibi naye alikuwa na haki. Nilitoka kichwa kimenivurugika, na alama ikabaki.

Muhula uliofuata Zuhura alisimama kidevu juu, akamkazia macho mgeni wetu. Nikampa kiwango cha juu kabisa. Mzee alinuna hadi kengele ikalia.

Sasa nimestaafu. Walimu wapya huniuliza rubriki nzuri hutungwaje, nami huwasimulia haya. Juzi nilikutana na Zuhura dukani, amekuwa msichana mkubwa. Akanisalimu akinitazama machoni bila kupepesa, kama nilivyomfundisha. Nikamjibu nikiangalia viatu vyangu.